Fomu ya mapitio ya PIP ya mwanangu (23): niandike "haijabadilika" kila mahali?

Mkunazi:
Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa mnaoishi Uingereza au mliowahi kuishi. Matusi tuyaweke pembeni, nina mawazo ya kunitosha.

Nina kijana wangu wa miaka 23, ana usonji na kifafa tangu utotoni. Alikuwa anapata fao la watoto, alipofika miaka 16 wakamhamishia PIP, fao la wakubwa wenye ulemavu. Mimi ndiye mwakilishi wake rasmi, pesa zinaingia kwangu. Sasa imekuja fomu ya mapitio, bahasha nene. Kupika, kula, dawa, kuoga, kuvaa, kuongea na watu, matumizi ya pesa, kutembea, kila kipengele wanauliza: imekuwa rahisi zaidi, ngumu zaidi, au haijabadilika? Na kama imebadilika, tangu lini.

Swali langu dogo tu. Nikiweka "haijabadilika" pote na kurudisha, kuna tatizo? Wametoa mwezi mmoja na nusu yake imeshakwenda. Silali. Naogopa nikiandika maneno mengi watapata pa kunikamatia.

Chombezo:
Siti ya mbele. Karanga ninazo, chumvi aje nayo atakayechelewa.

Mzee Kauli:
Dada Mkunazi, pole na ulezi. Lakini niseme ukweli wa kiutu uzima: mtoto ukimwandikia kila mwaka kwamba hawezi, hawezi, hawezi, na yeye siku moja ataliamini hilo. Sisi tulilelewa na mjomba asiyeona, alikuwa anasuka makuti kuliko wenye macho manne. Hakujaza fomu yoyote.

Shangazi Mvita:
Mzee Kauli, mjomba wako alikuwa na makuti na nyinyi mliomletea makuti, hilo usilisahau.

Dada, mimi niko Kenya, hayo ya PIP siyajui. Kwetu Inua Jamii, pesa za serikali kwa wasiojiweza, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkali. Mtoto wa dada yangu vidole vyake vimejikunja, havinyooki. Benki moja ikawataka waweke kidole kwenye mashine. Karani anakinyoosha, kinarudi. Anakinyoosha, kinarudi. Mtoto akadhani ni mchezo akaanza kucheka, foleni nzima ikacheka, dada yangu akalia. Kwa hiyo najua karatasi hizi zinavyokaa kifuani.

Kibarua wa Karatasi:
Turudi kwenye swali. Kuweka "haijabadilika" si kosa, mradi kweli haijabadilika. Shida ni alama tupu bila maelezo. Anayesoma hamjui kijana wako. Jibu kila kipengele kama vile ndiyo mara ya kwanza wanasikia habari zake.

PIP haikupi pesa kwa jina la ugonjwa. Inaangalia shughuli 10 za maisha ya kila siku na 2 za kusafiri na kutembea. Kila upande una hesabu yake: pointi 8 ni kiwango cha kawaida, 12 ni cha juu. Na kwa sheria yao mtu "anaweza" pale tu anapoweza kwa usalama, vizuri vya kuridhisha, mara zote anazohitaji kurudia, na bila kuchukua zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu. Kimoja kikikosekana, kwa shughuli hiyo hawezi. Kwa kawaida wanatazama hali ilivyo kwa zaidi ya nusu ya siku.

Kwenye kifafa ndipo wazazi wengi wanapojikaanga. Wanaandika "humjia mara moja moja" wakafunga ukurasa. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya rufaa za mafao iliamua kwamba usalama haupimwi kwa uwezekano wa kuanguka peke yake. Wanatakiwa waangalie pia madhara yake yatakuwa makubwa kiasi gani. Mtu anayeweza kuanguka bila onyo mbele ya mafuta yanayochemka anahitaji wa kusimama naye jikoni hata siku ambayo hakuanguka. Kupika kwa kusimamiwa ni pointi 4, usiziache mezani.

Muda ukikubana, piga simu kabla haujaisha uombe nyongeza. Toa nakala ya kila ukurasa ubaki nayo. Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, wanasaidia kujaza, bure.

Sasa swali langu kwako. Umeandika mengi, ila sijaona mahali unaposema wewe unamfanyia nini asubuhi. Mzazi anayelea huwa anaanzia hapo. Kijana analala wapi siku hizi, na dawa anapewa na nani?

Mkunazi:
Ahsante kaka kwa maelezo. Analala nyumbani. Dawa anapewa kwa wakati.

Kibarua wa Karatasi:
Anapewa na nani?

Mkunazi:
Na bibi yake.

Chombezo:
Naomba ile chumvi sasa.

Kibarua wa Karatasi:
Bibi mnaishi naye huko Uingereza?

Mkunazi:
Mbona maswali ya polisi? Bibi yuko Tanga. Kijana alikwenda kumsalimia, kuna kosa mtu kusalimia bibi yake? Alikwenda mwishoni mwa mwezi wa kwanza, amepapenda, nikaona akae kae kidogo.

Na kabla hamjanirukia: zile pesa silewi nazo. Kila mwezi natuma dawa, chakula, na binti wa kumfulia. Agosti nakwenda kumchukua, tiketi nimeshakata. Akirudi hali inakuwa kama zamani, kwa hiyo "haijabadilika" ni kweli tupu. Wakitaka tathmini ya simu nitaongea mimi, si ndiyo kazi ya mwakilishi? Fomu nimeshajaza, bahasha nimeshaifunga. Nilitaka tu kujua kuhusu maelezo, mafupi au marefu.

Chombezo:
Ushauri unaombwa bahasha ikiwa imeshalambwa! Hii nchi ya JamiiForums ina raha zake.

Kibarua wa Karatasi:
Dada, sasa tunaongea habari nyingine kabisa.

Mwenye PIP akitoka nje ya nchi kwa muda, analipwa hadi wiki 13, basi. Na akikusudia kukaa nje zaidi ya wiki 4 wanatakiwa kuambiwa. Aliondoka mwishoni mwa Januari, wiki 13 zilikwisha mwishoni mwa Aprili. Sasa tuko Juni. Pesa iliyoingia baada ya hapo ni ya kurudishwa, hata ingekuwa imenunua dawa tupu.

Halafu kuna la pili ambalo hukulitaja. Unachukua Carer's Allowance, fao la mlezi?

Mkunazi:
Nachukua. Nimemlea miaka 23.

Kibarua wa Karatasi:
Hilo hakuna anayekunyang'anya. Lakini fao hilo linataka uwe unamhudumia saa 35 kwa wiki, na likizo inayoruhusiwa ni wiki 4 ndani ya kila wiki 26. Tena limening'inia kwenye PIP yake, ile ikikatika na hili linakatika. Pesa ya kila wiki zidisha mwenyewe, mimi sitaki kukutia presha usiku huu.

Kuna wiki 26 badala ya 13 kwa aliyekwenda nje kwa ajili ya matibabu. Naitaja ili usije kuambiwa na mtu mwingine nusu nusu.

Mkunazi:
Basi hiyo ndiyo yake! Alikwenda kwa matibabu. Mama kampeleka kwa mzee mmoja Pangani anamsomea kila Ijumaa, na tangu aanze kuanguka kumepungua. Kwa hiyo bado tuko ndani ya wiki 26.

Kibarua wa Karatasi:
Haiwi hivyo. Safari yenyewe iwe ni kwa ajili ya matibabu peke yake, na mtoa tiba awe mtu mwenye sifa za kuitoa. Wewe mwenyewe juu hapo umesema alikwenda kusalimia.

Mzee Kauli:
Kijana asiwadharau wazee wa Pangani. Marehemu kaka yangu aliteseka na kichwa hospitali kubwa kubwa zote, akatibiwa kwa jani.

Shangazi Mvita:
Jani gani? Nauliza kwa nia njema.

Jicho Kali:
Wakuu mmekunywa vikombe vingapi? Hii ni chai, tena ya rangi.

Someni uzi taratibu. Mwanzo: mama halali, fomu, mwezi mmoja. Hakuna Tanga. Akibanwa, bibi. Akibanwa tena, tiketi ya Agosti. Akisikia kuna wiki 26, papo hapo mganga wa Pangani kazaliwa. Angeambiwa kuna wiki 40 kwa wavuvi, kijana angekuwa na mtumbwi. Na kijana wa usonji na kifafa kapanda ndege na nani? Kajiunga wiki hii, hana mada nyingine. Huyu ama ni mtunzi anatafuta kisa, ama ni mtu wa ofisi yenyewe anataka kujua Waswahili wanajazaje fomu zao. Kibarua, wewe endelea kumpa mbinu zote bure.

Binti Saadani:
Hata mimi nilihisi. Mama wa kweli hasemi "usonji", anasema mtoto wangu yuko hivi na hivi.

Mzee Kauli:
Mimi pia nilishangaa kidogo ila nikanyamaza.

Chombezo:
Mzee hujawahi kunyamaza tangu uzi huu umeanza.

Kibarua wa Karatasi:
Jicho, sheria haibadiliki kwa sababu aliyeuliza ni mtunzi. Atakayesoma kesho naye ana fomu yake. Na hakuna mbinu niliyotoa hapa, nimemwambia aseme ukweli. Mtu wa ofisi akisoma hilo na alisome.

Mkunazi:
Jicho Kali, umenitoa machozi na saa hizi natakiwa niwe kazini.

Alipanda ndege na mjomba wake, kakaa dirishani, dawa ziko kwenye mkoba wa mjomba. Unataka kumjua? Haya. Nikimwambia kaoge, anafungua maji ya moto, anasimama pembeni yake anayaangalia. Usipomwambia ingia, ataangalia mpaka yapoe. Akiingia, usipomwambia sasa kichwa, sasa kwapa, sasa toka, hatoki. Mlango haufungwi kwa ndani kwa sababu siku moja alianguka humo na komeo likabidi livunjwe. Akitoka anavaa fulana juu ya maji, povu liko nyuma ya masikio, na fulana imegeuzwa. Kuigeuza hataki. Anasema lebo inamng'ata. Miaka 23 mimi nakata lebo kwa mkasi wa kucha. Mtunzi gani anatunga lebo?

Shangazi Mvita:
Wa kwetu naye ni soksi. Mshono lazima uwe nje.

Jicho Kali:
Ya lebo nimeikubali. Ya Pangani bado.

Kibarua wa Karatasi:
Dada Mkunazi, kwenye kipengele cha kuoga ndani ya hiyo bahasha uliyoifunga umeandika nini?

Mkunazi:
"Haijabadilika. Anahitaji msaada."

Kibarua wa Karatasi:
Na hapa umeandika ukurasa mzima kwa hasira bila kufikiri. Fungua bahasha. Hayo ya komeo, ya kuambiwa sasa kichwa sasa kwapa, yahamishie kule neno kwa neno.

Ila kwanza simu, kabla ya posta. Mwambie atakayepokea kwamba kijana yuko nje tangu tarehe fulani, anarudi tarehe fulani. Piga na simu ya Carer's Allowance, ni mlango mwingine huo, mmoja ukiambiwa usidhani wa pili umesikia. Watakudai, utaomba kulipa kidogo kidogo. Wanaweza kukuongezea adhabu ya £50 kwa kutotoa taarifa. Ukisubiri wagundue wenyewe, au ukasaini tamko la mwisho la fomu wakati unajua, hapo tena si habari ya £50, ni jinai, na mwakilishi ndiye anayesimama kujibu. Kabla hujapiga, pita Citizens Advice au kituo cha sheria wakupangie maneno.

Mzee Kauli:
Na sadaka utoe.

Mkunazi:
Wakimkatia je? Akirudi Agosti nianze upya, na fomu mpya, na mwaka mzima wa kusubiri?

Kibarua wa Karatasi:
Wakikata na hukubaliani, una mwezi mmoja wa kuomba wauangalie upya uamuzi, wakikataa unakwenda baraza la rufaa. Hayo ni ya baadaye. Nikuulize la mwisho: Tanga kuna lolote analofanya ambalo huku hakuwa analifanya?

Mkunazi:
Anakwenda dukani. Peke yake. Sukari, mafuta ya taa, anarudi na chenji. Mama alinipigia picha. Hilo siandiki ng'o, wataniambia kapona.

Jicho Kali:
Peke yake kweli? Bibi wa Tanga amwachie mtoto wa kifafa avuke barabara?

Mkunazi:
Kuna mtoto wa jirani anamfuata nyuma. Mama ndiye anamtuma, bila mwenyewe kujua. Na hesabu ya chenji anaifanya mwenye duka.

Kibarua wa Karatasi:
Andika dukani, na huyo wa nyuma umwandike. Kushindwa kufuata hata njia anayoijua bila mtu wa kwenda naye ni pointi 12 kwenye upande wa safari. Hiyo picha ulivyotumiwa, mtoto wa jirani anaonekana?

Mkunazi:
Bega lake tu. Nimeiweka pembeni. Kesho nikitoka zamu nitapiga simu ya kwanza. Ya Carer's nitaifikiria.

Kibarua wa Karatasi:
Zote mbili, dada. Siku moja.

Binti Saadani:
Samahani kuingilia, na mimi mama yangu ana fomu hiyo hiyo ila yeye ni magoti, na ameondoka juzi kwenda Zanzibar kwa arusi. Hizo wiki zinaanza kuhesabiwa siku ya kupanda ndege au ya kufika?

Chombezo:
Jicho Kali, amka. Kikombe cha pili hiki.