Bunduki nyumbani wakati wa wageni: nimkatalieje mjomba?

Mkulima wa Nachingwea aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi kijijini wilayani Nachingwea, na kwa miaka sita sasa ninamiliki bunduki ya marisau ya mtutu mmoja, ile inayokunjwa katikati, ambayo kibali chake nilikianzia kwenye kamati ya usalama ya kijiji hadi kikatoka polisi. Kwa siku za kawaida haijawahi kunisumbua, kwa kuwa tuko watu wanne tu nyumbani na kila mmoja anajua kwamba hiyo si ya kuguswa.

Taabu ilikuja Agosti, tulipomcheza unyago binti wa dada yangu na nyumba ikajaa watu mpaka wengine wakalala barazani. Nilikuwa nimeifunga bunduki kwenye khanga na kuiweka juu ya kabati la chumbani, na risasi zikiwa ndani ya kopo kwenye kabati hilo hilo. Mjomba wangu, kaka yake mama, aliingia chumbani kupumzika, akaiona, akatoka nayo uani ili awaonyeshe vijana namna walivyofundishwa mgambo enzi zake. Nilipofika, mtutu ulikuwa umeelekea jikoni, ambako wanawake zaidi ya kumi walikuwa wakipika, na kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio. Nilipostuka alinijibu, "Haina kitu hiyo." Ni kweli haikuwa na kitu, ila yeye hakuwa ameikunja kutazama, alidhani tu.

Nilinyamaza. Wenzangu wa huku mnajua mjomba ni nani kwetu: ndiye aliyesimamia ndoa yangu, na ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada zake. Isitoshe, shemeji yangu sasa anataka nimwazime hiyo bunduki usiku mbili tatu msimu wa korosho, alinde magunia kabla hayajapelekwa kwenye chama cha ushirika. Nifanyeje ili niwakatalie bila kuvunja undugu?

Mstaafu wa Masasi alijibu:

Mwanangu, nimefundisha mgambo kwa miaka mingi, kwa hiyo niwie radhi nikianza na lililo chungu. Mjomba wako alikosea, lakini kosa la kwanza ni lako, kwa sababu mgeni mzembe hawezi kuichezea silaha ambayo hakukutana nayo. Juu ya kabati si mahali pa kuhifadhia bunduki, khanga si kufuli, na risasi kukaa pamoja na bunduki katika nyumba yenye watu hamsini ni sawa na kuiacha ikiwa imejazwa.

Tafuta sanduku la chuma, ambalo fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, ulipigilie ukutani au sakafuni kwa ndani ili lisibebeke. Risasi zikae kwenye kisanduku kingine, chumba kingine, chenye ufunguo tofauti. Wakati sanduku linatengenezwa, tumia faida ya aina ya bunduki uliyonayo: ikunje, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha pitisha mnyororo mwembamba ndani ya mtutu na uufunge kwa kufuli. Bunduki hiyo haiwezi tena kufungika wala kufyatuka, na hata mtoto anayepita ataona kwamba iko wazi.

Neno "haina kitu" ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Jeff Cooper, Mmarekani aliyeanzisha shule ya silaha jimboni Arizona mwaka 1976, alizikusanya kanuni za usalama zikawa nne, na ya kwanza ni kwamba kila bunduki ichukuliwe kuwa imejazwa. Nyingine ni kutouelekeza mtutu kwenye kitu usichokubali kukiharibu, kidole kukaa nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga, na kukijua unachokilenga pamoja na kilicho nyuma yake. Siku ile mjomba alivunja zote nne kwa mkupuo mmoja, huku mtutu ukielekea jiko lenye watu ndani.

Kuhusu shemeji, hapo huna hata nafasi ya kujadiliana. Kibali ni cha mtu, si cha ukoo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ukimpa silaha mtu asiye na kibali mnaingia hatiani nyote wawili. Mwazime tochi na mbwa, naye atafute wenzake wa kulinda zamu.

Mama wa Mikindani alijibu:

Shikamoo mzee wa Masasi. Kaka wa Nachingwea, pole kwa mshtuko ule.

Ninakubaliana na kufuli zote, ila ninaomba niongeze mambo mawili ambayo wanaume huyasahau. Kwanza, mkeo ajue ilipo bunduki na kama imejazwa au la. Mimi niliishi miaka mitatu na bunduki chini ya godoro nisiyoijua hali yake, na kila mara nilipotandika kitanda mikono ilikuwa ikitetemeka. Pili, usitegemee kuficha. Watoto wanaokuja na wageni hucheza kombolela na kuingia kila uvungu. Hakuna pembe ya nyumba yako watakayoacha. Wafundishe wa kwako waziwazi kwamba wakiona bunduki, iwe kwenu au kwa jirani, wasiguse, waondoke hapo, wamwambie mtu mzima, na uwaulize tena kila sherehe inapokaribia.

Kwa mjomba, usimkataze mbele ya vijana; hapo utakuwa umemvunjia heshima na hatakusikia. Mfuate kwake kabla ya shughuli inayofuata, umpe shikamoo yake, ukae chini, useme: "Mjomba, silaha ile imeandikwa jina langu, na ikimdhuru mtoto wa mtu nitakayefungwa ni mimi, na watoto utakaoachiwa kuwalea ni wangu. Naomba unisaidie kuwazuia vijana wasiingie chumbani." Ukimpa kazi ya kulinda, mlango ule utakuwa na mlinzi mkali kuliko wewe. Wazee wetu huona vibaya kukatazwa, lakini kuombwa msaada ni jambo wanalolipenda.

Mjukuu wa Newala alijibu:

Niongeze kuhusu magobore, bunduki za kienyeji zinazoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, kwa kuwa nyumba kadhaa za huku kwetu bado zinayo. Gobore halikunjwi, kwa hiyo huwezi kuona kama limeshindiliwa, na kuondoa fataki, kile kiwashio kidogo cha baruti, hakumaanishi kwamba baruti na goroli zimetoka. Babu yangu alikuwa na alama mbili kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia: akiutumbukiza mtutuni ukazama hadi alama ya juu, mtutu ni mtupu, ukiishia ya chini, kuna kitu ndani. Baruti yenyewe aliiweka mbali kabisa na jiko, kwa sababu cheche moja inatosha.

Alipofariki, wajomba walitaka gobore libaki kama ukumbusho. Tulilipeleka polisi, kwani kibali cha marehemu hakirithiwi, na sasa ukumbusho wetu ni ule mdeki.

Mkulima wa Nachingwea aliandika tena:

Nawashukuru kwa dhati. Mzee wa Masasi, limebaki moja: ikiwa bunduki imefungwa na risasi ziko chumba kingine, mwizi akija usiku itanisaidia nini?

Mstaafu wa Masasi alijibu:

Swali la haki. Siku za kawaida, mkiwa wanne, funguo zote mbili ulale nazo mwilini, na ujizoeze gizani kufungua mpaka ujue unatumia muda gani. Siku za sherehe au msiba ni tofauti: nyumba ikiwa imejaa, huyo unayemwona gizani ana uwezekano mkubwa wa kuwa binamu yako anayetafuta choo kuliko kuwa mwizi. Usiku huo bunduki ibaki imefungwa, na ulinzi uwe wa taa na watu. Mimi nilipokuwa na msiba wa wiki nzima niliikabidhi kituoni, nikaandikiwa hati, nikaichukua wageni walipoondoka. Nenda kituo chako uwaulize utaratibu kabla ya msimu wa korosho kuanza.