Wewe fundi uliyepiga tindo kwenye magneto yangu, Mungu anakuona

Wakuu, salamu baadaye. Naandika mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Fundi mnamjua. Yule wa chini ya mwarobaini, mwenye redio kubwa kuliko boksi lake la spana. Simtaji. Kila aliyewahi kusukuma pikipiki Majengo, hapa Dodoma, anamjua, maana ndiye aliyemsababisha asukume.

Nina Honda CG125 ya mwaka 1979, ya marehemu baba. Ile ya kontakti pointi, vyuma viwili vinavyoachana ili plagi itoe cheche, siyo hizi za CDI, za kielektroniki. Ilinusurika msako wa wahujumu uchumi wa 1983, ikanusurika mbuzi wa Bahi na shemeji zangu wawili. Jana saa kumi jioni haikunusurika.

Kazi yenyewe ndogo: taimingi, yaani kupanga cheche ipige wakati gani. Pointi nilishasafisha mwenyewe, nafasi yake nikapima kwa fila, vile vibati vya kupimia upenyo, iko ndani ya milimita 0.3 hadi 0.4. Kilichobaki ni kuzungusha magneto, lile gurudumu la kuzalisha umeme pembeni ya injini, taratibu na kuhakikisha pointi zinaanza kuachana pale herufi F iliyochongwa juu yake inapolingana na alama ya kwenye injini. Ukiunga kibalbu unaona kabisa. Nikamwambia, "Fundi, T ni pistoni iko juu, F ndiyo moto." Akacheka. Akasema F ni feki.

FEKI!

Kisha akachukua tindo. Wakuu, TINDO. Akajichongea alama yake kwenye magneto ya Mjapani, eti hizo za kiwandani zilipimwa kwa hewa ya kwao, huku Dodoma kuna upepo. Upepo unaingiaje kwenye magneto? Nimebaki nimeikumbatia helmeti kama mjane.

Alama yake inatangulia F kwa karibu upana wa kidole. Maana yake moto unapiga mapema mno, pistoni bado iko mbali na juu. Nikapiga kiki, nayo ikanipiga. Nikiwa hewani nimeiona Nyerere Square yote, kuna jamaa anakula zabibu akanipungia mkono. Natua, fundi ananiambia, "Umeona nguvu hiyo? Mwanzo haikuwa nayo." Elfu thelathini na tano.

Na tindo lile kagonga mara tatu. Nilihesabu.

Mlenda wa Jana: Niko siti ya mbele na karanga zangu.

Kinyonga Mkavu: Hii chai. Kidole kizima kabla ya F isingewaka.

Mleta uzi: Nani kakwambia iliwaka? Ilipiga teke!

Spana Kumi: Pole mkuu. Mbona dogo hilo, F yako si bado ipo? Rudisha pointi hapo, hiyo ya tindo ipuuze. Dakika ishirini tu umemaliza.

Mleta uzi: Naipuuzaje? Nikifungua kava inanikodolea macho.

Kinyonga Mkavu: Yaani umeona mtu anainua tindo, ukakaa kimya ukihesabu mapigo? Hapo mafundi mlikuwa wawili.

Mama Zabibu: Nyie mnalilia chuma. Mimi nilimpelekea fundi cherehani mita tano za kitambaa, gauni la sendofu ya mdogo wangu. Kimerudi kiblauzi. Jumapili mtoto wake kaja kanisani na kofia ya kitambaa kilekile, kakaa benchi la mbele yangu.

Spana Kumi: Kofia???

Mama Zabibu: Kofia na kimkoba.

Mpangaji Nkuhungu: Afadhali yenu. Mwenye nyumba wangu, tangu serikali ihamie huku, anapandisha kodi kila akiona V8 inapita. Jana zimepita mbili.

Mlenda wa Jana: Mkuu hamia Mpunguzi, huko zinapita punda.

Mpangaji Nkuhungu: Na maji je? Huku yanatoka saa nane usiku, nachota kama mwizi.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye tindo basi.

Mlenda wa Jana: Mama Zabibu, huyo fundi anashona na kofia za watu wazima?

Mama Zabibu: Anashona. Ila kichwa kapimie nyumbani, tepu yake namba zilifutika, kazichora upya mwenyewe kwa peni.