Paka wangu kakanyaga ulimbo wa fenesi, nimsafishe vipi?

Bibie_Wete: Asalaam aleikum. Jana tumepasua fenesi uani, juu ya gazeti. Tulipoingia kuswali alasiri, paka akaja kunusa. Sasa miguu yake ya mbele imejaa ulimbo, manyoya ya katikati ya vidole yameshikana na mchanga na kipande cha gazeti. Nimemuosha kwa maji na sabuni, ulimbo ndio kwanza umekaza. Kila saa anajilamba. Jirani anasema nimpake mafuta ya taa, mkwe wangu anasema ya karafuu, maana yapo ndani. Naogopa. Nifanyeje?

Mchanga_Mdogo: Pole dada. Mafuta ya nazi. Si ndiyo tunayojipaka mikononi na kwenye kisu kabla ya kupasua fenesi?

Daktari_wa_Mbuzi: Mwenzangu kasema kweli. Mafuta ya taa usithubutu: yanababua ngozi, na akiyalamba yanaweza kumuingia mapafuni. Ya karafuu nayo yaweke mbali, ingawa sisi Wapemba tunatia hata kwenye jino linalouma. Yana yujenoli, kemikali iliyomo kwenye karafuu, na ini la paka haliwezi kuiondoa mwilini kama letu. Hata dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji, usimpake.

Mviringe kwa kanga, mguu mmoja tu utoke, mwengine amshike. Mpake mafuta ya nazi, sugua taratibu kwa ncha za vidole, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa. Rudia. Usivute, na usikate kwa mkasi, ngozi ya hapo ni nyembamba sana na akishtuka tu umemkata. Ulimbo ukishatoka wote, muoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, suuza vizuri, mkaushe. Akitokwa na mate, akitapika au akichechemea, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kijana_wa_Konde: Wetu alinasa kwenye gundi ya panya. Tulimnyunyizia unga wa ngano kwanza asigandie vitu vyengine, kisha mafuta.

Bibie_Wete: Ahsanteni sana ndugu zangu. Mafuta nimerudia mara tatu. Lile gazeti limetoka lenyewe, limejikunja kama ganda la kitunguu, na chini yake unyayo mwekundu kidogo lakini hauna jeraha. Mguu wa kushoto umebaki na kidonge cha ulimbo kwenye kidole kimoja. Amechoka, nimemuacha alale. Baada ya isha namalizia.