Mwenye kuta, mpangaji wa ardhi: nyumba za gharama nafuu zitamfaa nani Malindi na Lamu?

Mkaazi wa Maweni, Malindi

Assalaam aleikum. Ninaiweka hoja hii mbele ya wenzangu wa Malindi, Lamu na kwingineko Pwani, nikiomba kila atakayeipinga aipinge kwa sababu. Tangu Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu itiwe saini mwezi Machi 2024, tumezungumzia ushuru peke yake: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri. Sibezi uchungu wa aliyekatwa. Hata hivyo, serikali inasema kwamba shabaha ya fedha hizo ni kumtoa mpangaji katika kupanga na kumfanya mwenye nyumba, na nikiipima shabaha hiyo kwa mitaa ninayoijua, Maweni, Barani na Kisumu Ndogo, naona kwamba imemkosa mpangaji wetu wa zamani kuliko wote, yaani yule ambaye nyumba ni yake lakini ardhi si yake.

Wasomaji wa bara huenda wakashangaa jambo hilo linawezekanaje. Huku kwetu linaitwa nyumba bila ardhi. Mtu hujenga kwa jasho lake juu ya kiwanja cha mwingine, kisha humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Kuta, paa na milango ni mali yake, anaweza kuviuza na watoto wake wanaweza kuvirithi, ila mchanga ulio chini ya msingi si wake. Mwenye ardhi naye, akihofia kwamba jengo la mawe halitaondoka kwa urahisi siku atakapokitaka kiwanja chake, mara nyingi huruhusu nyumba ya fito na udongo tu, iliyoezekwa makuti au mabati. Babu yangu aliikandika nyumba tunayokaa, baba akaiezeka upya zaidi ya mara tatu, na mimi nilipoomba kuweka msingi wa mawe nilijibiwa na wakala wa mwenye ardhi kwamba nikitaka mawe nitafute kiwanja changu. Basi familia imelipa kodi ya ardhi vizazi vitatu kwa sharti la kutoiboresha nyumba yake.

Hali hii ina chanzo kinachojulikana. Katika ukanda wa maili 10 uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, ikawataka wenye madai wayawasilishe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Aliyeijua njia ya ofisini alitoka na hati. Aliyelima na kuzika wafu wake bila karatasi akawa mgeni pale pale alipozaliwa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ilikiri kwamba Pwani ina tatizo lake la pekee, na Katiba ya 2010 ikaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria ya 2016 iliyofafanua kazi hiyo ilitoa muda wa miaka 5 tu wa kupeleka madai, kana kwamba jambo lililofungwa kwa zaidi ya miaka 100 lingefunguliwa na kila mzee wa Maweni kabla muda huo haujaisha.

Sasa mtu huyu akiisoma Sheria ya 2024 ataambiwa nini? Ataulizwa kipato chake cha mwezi, kwani walio chini ya shilingi 20,000 wametengewa nyumba za kijamii, na walio kati ya 20,000 na 149,000 wametengewa nyumba za gharama nafuu. Mchuuzi wa samaki, ambaye kipato chake hufuata kusi na kaskazi, ataandika nambari gani? Kisha atatakiwa kutoa amana ya asilimia 10 ya bei ya nyumba, kama sheria ilivyopitishwa, na kulipa kila mwezi kwa miaka mingi ili apate chumba katika jengo la ghorofa. Na ile nyumba aliyoijenga itabaki pale, bila thamani yoyote katika hesabu hiyo, kwa sababu isiyo na ardhi haiwekwi rehani.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya fedha za ushuru zinazokusanywa Pwani itumike kuwalipa wenye ardhi thamani ya haki, viwanja vipimwe, na kila mwenye kuta auziwe kiwanja chake kwa malipo ya polepole hadi apate hatimiliki. Si jambo geni. Shamba la Waitiki kule Likoni, lenye ekari 930, lilinunuliwa na serikali, na wakaazi wakaanza kupewa hati mwaka 2016. Nakiri kwamba wengi walilalamikia kiasi walichotakiwa kurudisha, lakini mgogoro wa bei ni mwepesi kuliko tingatinga.

Mwalimu wa shule ya msingi, mpangaji, Muyeye

Ndugu yangu wa Maweni, hoja yako imeandikwa vizuri, na historia uliyoitaja sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni hilo neno lako kwamba mwenye kuta ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote, kwa kuwa umeruka watu waliomo ndani ya kuta hizo. Mimi nimepanga vyumba viwili kwa miaka 11. Mwenye nyumba wangu ni mtu wa aina uliyomweleza: kiwanja si chake, nyumba ni yake, na ua wake una vyumba sita vya kupangisha. Analipa kodi ya ardhi ya mwaka mzima kwa fedha zisizofikia kodi yangu ya mwezi mmoja. Ninampa shilingi 7,000 kila mwezi, ambayo ni 84,000 kwa mwaka, na kwa miaka hiyo yote, hata nikipuuza kwamba mwanzoni ilikuwa pungufu kidogo, ni fedha zinazokaribia bei ya nyumba ndogo. Serikali ikimnunulia kiwanja kwa ushuru unaotoka katika mshahara wangu, yeye atapata hati, ataangusha udongo na kujenga mawe, na mwezi unaofuata kodi yangu itapanda. Nitakuwa nimechangia kupandishiwa kodi.

Wala usidhani kwamba kuna sheria itakayonikinga. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba iliyopo humhusu anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kwa Malindi ya leo ni chumba kimoja kisicho na choo chake. Anayelipa zaidi ya hapo hubaki na hiari ya mwenye nyumba.

Kuhusu ushuru wenyewe, mshahara wangu ni shilingi 35,000, kwa hiyo ninakatwa 525 kila mwezi. Mahakama Kuu ilipoubatilisha ushuru wa kwanza mwezi Novemba 2023, mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba ulimbagua mwenye ajira rasmi, na ndiyo maana Sheria ya 2024 ikaugusa na mfuko wa asiye na mshahara. Mimi sikufurahi kukatwa, lakini maadamu nimekatwa, ninataka kile nilichoahidiwa: nyumba moja kwa mtu mmoja, ambayo malipo yake ya mwezi yanakuwa ununuzi badala ya kuwa kodi isiyo na mwisho. Madai ya ardhi yamechukua zaidi ya karne moja, ilhali jengo la ghorofa laweza kusimama kwa miaka miwili. Kwa nini aliyezaliwa bila ukuta wala kiwanja aambiwe asubiri hadi wenye kuta wamalizane na wenye viwanja?

Yapo yanayonitia wasiwasi katika mpango huo. Kukusanya amana kwa mwalimu anayelipa kodi na karo ni kazi ya miaka. Pia sheria inamkataza mnunuzi kuuza bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Gharama Nafuu. Ninaelewa kwamba nia ni kuwazuia walanguzi, lakini mwalimu huhamishwa, na nikihamishwa kwenda Garsen sijui nyumba yangu ya Malindi nitaifanyaje.

Mzee wa Langoni, Lamu

Mwanangu mwalimu, na wewe ndugu wa Maweni, nyote mnazungumza kama watu waliopo kwenye nchi kavu yenye nafasi. Njooni Lamu. Mji wetu wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kisiwa chenyewe hakina mahali pa kulaza majengo ya ghorofa isipokuwa mtu akatamani milima ya mchanga ya Shela, ambayo ndiyo inayotuhifadhia maji matamu. Zikijengwa Mokowe, ng'ambo ya kisiwa, mwenye kazi kisiwani atapanda mashua asubuhi na jioni, na nauli hiyo haitaandikwa katika bei ya nyumba.

Desturi yetu ni kwamba mzazi mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba alipoolewa, au alimwongezea orofa juu ya nyumba yake, hata vikazaliwa vile vikio vinavyovuka vichochoro kuunganisha nyumba ya mama na ya mtoto. Leo nyumba nyingi za mawe za Mkomani zimenunuliwa na wageni wanaokaa wiki chache kwa mwaka, na vijana waliozaliwa ndani yake wamepanga Gadeni na Wiyoni. Wakati huo huo yapo magofu katikati ya mji. Magofu hayo yana wenyewe, tena wengi mno: warithi wa warithi, mmoja Mombasa, mmoja Jeddah, mmoja hajulikani alipo, na hakuna mwenye fedha za kuwalipa wenzake mafungu yao. Nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti ikiachwa paa lake livuje, maji hula chokaa, boriti huoza, na masika machache tu hutosha kuiangusha. Mimi ningependa hazina ya nyumba imkopeshe mrithi mmoja mwenye nia awalipe wenziwe mirathi yao, aikarabati nyumba, na akae humo. Kwa njia hiyo mpangaji wa Wiyoni atarudi Mkomani na mji utakuwa na watu wake.

Lipo na jambo la riba, ambalo nimeshangaa kwamba halikutajwa na yeyote kati yenu. Mwislamu anayeambiwa alipe bei ya nyumba na riba juu yake kwa miaka mingi amewekewa kizuizi mlangoni. Benki za Kiislamu zipo nchini tangu 2008, na utaratibu wa ijara inayoishia katika umiliki unafahamika: mtu hukodi nyumba kwa malipo yaliyokubaliwa, bila riba, na mwisho wa mkataba nyumba inakuwa yake. Serikali inaweza kuuandika mkataba wake hivyo bila kupoteza chochote, na watu wa Lamu, Malindi, Garissa na Wajir wakauingia bila kuuma meno.

Fundi seremala, Barani

Nina machache. Tuliambiwa kwamba milango na madirisha ya nyumba hizi yatatoka kwa mafundi wa jua kali, na hilo nalikubali kwa mikono miwili. Lakini kwa uzoefu wangu mtu wa Malindi hujenga kidogo kidogo: msimu wa wageni ukiwa mzuri ananunua mawe, mwaka unaofuata anapandisha ukuta, na mlango anauagiza kwangu kwa arbuni ya nusu bei. Malipo ya kila mwezi yasiyokosa yanamfaa mwalimu. Mfanyakazi wa hoteli, ambaye hupewa likizo bila malipo kuanzia Aprili mpaka wageni warudi, atashindwa kuyatimiza mwaka wa kwanza tu, ilhali akipewa kiwanja chenye hati atajenga kadiri ya riziki yake.

Mkaazi wa Maweni, Malindi

Mzee wangu wa Langoni, juu ya riba na magofu sina la kuongeza, umesema lililonipita. Mwalimu, wewe umenishika pabaya, na ninakubali kosa: nilimhesabu mwenye kuta na kumsahau mpangaji wa mwenye kuta. Narekebisha pendekezo langu hivi. Yeyote atakayeuziwa kiwanja kwa fedha za umma na ambaye anapangisha vyumba, hati yake iandikwe sharti kwamba kodi ya wapangaji aliowakuta haitapanda kwa muda wote anaolipia kiwanja, na kwamba hatamfukuza mpangaji ili ajenge upya bila kumrudisha. Kama sheria inaweza kumwekea mnunuzi wa nyumba ya serikali sharti la kutouza bila idhini, haishindwi kumwekea mnunuzi wa kiwanja sharti la kutopandisha.

Hata hivyo, katika suala la kipi kitangulie bado sijashawishika. Majengo ya ghorofa ya Malindi yatasimama juu ya ardhi fulani, na ikiwa ardhi hiyo ni ya umma yenye watu waliokwisha kujenga juu yake, basi nyumba yako itaanza kwa kuivunja ya mwingine. Kwa hiyo upimaji wa viwanja utangulie, walau katika mitaa iliyotajwa kwa mradi.

Mwalimu wa shule ya msingi, Muyeye

Ndugu yangu, kwa sharti hilo la kodi ninaungana nawe, na upimaji utangulie pale ambapo kuna wakaazi, si kila mahali. Ninakuuliza moja tu, kwa kuwa unawajua wenye nyumba kuliko mimi: mkataba wangu ni wa mdomo, sina risiti hata moja ya miaka hiyo 11, na katika ua wetu hakuna mpangaji aliye nayo. Siku afisa atakapokuja kuandika wapangaji waliokutwa, mwenye nyumba akisema kwamba sisi ni jamaa zake waliokuja kutembea, nitathibitisha kwa nini?