Muvi ya kutisha ya Jumamosi: The Conjuring au Hereditary?

Mangi Pasua: Wakuu habari za jioni. Jumamosi nina wageni, nataka niwawekee muvi ya kutisha. Jamaa wa kibanda ananipa tatu kwa buku mbili kwenye flashi. Navutana kati ya The Conjuring ya 2013 na Hereditary ya 2018. Za siku hizi nyingi naishia kucheka, sijui tatizo ni mimi. Ipi inatisha kweli?

Fundi Redio: Mtoa mada, wageni gani? Wakubwa, watoto, wakwe? Unaonyeshea nini, TV au simu? Leta maelezo yaliyoshiba.

Dogo Sakina: Hereditary, usiulize mara mbili. Ila inaenda taratibu, wasio na subira watashika simu.

Mzee wa Rau: Hamna kitu hapo. Siku hizi jini unaonyeshwa meno mpaka fizi muvi haijafika nusu, uogope nini tena? Jaws ya 1975, papa wao wa mashine alikuwa anaharibika kila mara baharini, mwongozaji Spielberg akalazimika kumficha. Tukabaki na maji na muziki. Mpaka leo ziwa Chala naishia kuchungulia tu.

Dogo Sakina: Mzee, papa na Moshi wapi na wapi 😂

Mama Njiro: Jamani ngojeni niwape yaliyonikuta. Mwaka jana nilinunua A Quiet Place kwenye kibanda kimoja mjini, kumbe ni ya kutafsiriwa, zile DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Muvi yenyewe familia haitakiwi kutoa hata mguno, maana madude yanawinda kwa kusikia. Watu wanatembea peku juu ya mchanga, kimya, roho iko mkononi, DJ huyo: "Mshua ananyata kama mwizi wa kuku!" Sebule nzima kicheko. Mama wa watu anajifungua kwenye bafu hathubutu kulia, DJ anasalimia washkaji zake wa stendi. Baba watoto akakoroma. Kesho yake narudisha flashi, kijana ananijibu, "Mama, tukiacha kimya wateja wanadhani sauti imekufa."

Fundi Redio: Hapo ndipo penyewe. Kimya watu wanakiogopa kuliko jini. Za sasa wanakuachia kimya cha sekunde tano halafu spika PAA! Unaruka, dakika mbili mbele umesahau. Huko ni kushtuka, si kuogopa.

Dogo Sakina: Na ile mikono inayopiga makofi kutoka kabatini kwenye Conjuring? Niliishtukia, na bado nililala taa inawaka.

Mzee wa Rau: Mmezaliwa mjini nyie. Pita kihambani saa tano usiku, majani makavu ya mgomba yanasuguana, utaapa kuna mtu nyuma yako kavaa koti la mvua. Ukisimama na yeye anasimama.

Mangi Pasua: Samahani wakuu, nilisahau. Wageni ni shemeji na wanawe, mdogo ana miaka saba. Tutaangalia uani kwa projekta ya kuazima.

Mama Njiro: MIAKA SABA? Na Hereditary? Mwenzangu, weka katuni!

Mangi Pasua: Lakini dogo mwenyewe ndiye anataka ya mashetani.

Fundi Redio: Hiyo projekta ni aina gani? Piga picha kile kibandiko cha nyuma. Mwenyewe haiuzi?