Koa wa bahari za baridi: wanajuaje ni spishi mpya na sio rangi tu imebadilika?

Nyamizi_Pwani
Wakuu habari zenu. Jumamosi lilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali kabisa, nikamfuata shangazi Kunduchi anakotafuta pweza. Kwenye kidimbwi kimoja juu ya mwamba nikaona kitu kinatambaa taratibu mno, urefu kama kidole gumba, mgongo mweusi wenye matuta ya bluu ya kijivu na kila tuta ncha yake ya njano kama imechovywa kwenye binzari. Shangazi akasema hilo jongoo, achana nalo. Mi nikapiga picha, nilivyorudi nyumbani nikaanza kuchimba nikakuta sio jongoo bahari hata kidogo, ni koa, ndugu yake konokono ambaye gamba lake analiacha angali mchanga. Nimesoma mpaka saa nane usiku.

Sasa kilichonichanganya ni hiki. Huko kwenye bahari za baridi, California, Norway, Urusi, mpaka Antaktika, wanatangaza koa wapya, na ukiangalia picha unaona kabisa huyu na yule ni walewale, tofauti mmoja rangi imekolea. Wanajuaje ni spishi mbili na sio mtu na mdogo wake? Na kwa nini wawe wengi kwenye baridi, mahali ambapo mimi nilidhani hakuna kitu? Naombeni anayejua anieleweshe, nataka kuja kusomea haya mambo.

Fundi_wa_Sampuli
Dada Nyamizi umeuliza penyewe. Rangi ndo inayodanganya watu wengi, inadanganya pande zote mbili, wanaofanana wanaweza kuwa spishi tofauti na wasiofanana wakawa kitu kimoja.

Chukua Hermissenda crassicornis wa Pasifiki ya kaskazini, jina alipewa 1831. Miaka na miaka watu waliamini ni mmoja tu, kuanzia Alaska, California mpaka Japani. 2016 watafiti Lindsay na Valdés wakapima vinasaba wakarudi tena kwenye maumbile, wakakuta ni watatu. Mmoja akabaki na jina lake, wa pili Hermissenda opalescens, wa tatu Hermissenda emurai wa upande wa Japani na Urusi. Ukishaambiwa unaona hata kwa macho, crassicornis ana mstari mweupe unaopanda kwenye vile vinyama kama vidole vilivyosimama mgongoni, opalescens hana. Na kitu ninachokipenda hapo ni kwamba hayo majina mawili hawakuyatunga wao, yalishaandikwa 1863 na 1937, watu wakaja kuyafuta wakasema ni yuleyule. Kwa hiyo kabla hujasema nimegundua, kwanza unatakiwa usome maandishi ya zamani yote, ya Kijerumani, ya Kifaransa, maana huenda mtu alishampa jina huyo koa babu yako hajazaliwa.

Kazi yenyewe iko hivi. Unampiga picha akiwa hai, juu, chini na ubavuni. Unakata kipande kidogo cha mguu unaweka kwenye spiriti kwa ajili ya vinasaba. Halafu unampasua, unatoa ule ulimi wenye meno unaotazamwa kwa maikroskopu ya elektroni, unahesabu meno kwa kila mstari, unachora viungo vya uzazi (kila koa ana vya kike na vya kiume) ambavyo mara nyingi ndo vinavyotenganisha spishi. Mwisho sampuli moja inabaki makumbusho kama shahidi wa hilo jina, ili hata baada ya miaka 100 mtu mwenye wasiwasi aende akaitazame.

Hilo la picha nalisisitiza kwa sababu limenikuta. Nilimpata mmoja wa rangi ya machungwa, mzuri sana, nikamtumbukiza kwenye spiriti moja kwa moja nikijua nitampiga picha kesho. Asubuhi namkuta mweupe pe kama kipande cha ngisi aliyechemshwa, pembe zimejivuta ndani, vidole vya mgongoni vimedondoka chini ya chupa. Mpaka leo sijui alikuwa nani, na iliniuma sana.

Mzamiaji_Mbudya
Mi naongezea kwenye swali la baridi. Kule Antaktika kuna Doris kerguelenensis, koa mweupe au wa njano hivi, anakula sponji (wale wanyama wa baharini wanaokaa wameganda mahali pamoja). Alihesabika mmoja kwa eneo lote lile. 2009 watafiti wakina Wilson wakapima vinasaba vyake wakakuta nasaba zaidi ya 20 zilizotengana. Sababu ni tamu kweli: watoto wa huyu hawana ile hatua ya kuelea na maji, wanatoka kwenye yai wakiwa wanatambaa tayari, kwa hiyo hawaendi mbali na walipozaliwa. Zama za barafu zilipokuja barafu ikafunika sehemu kubwa ya kina kifupi, kundi hili likabanwa huku, lile kule, wakakaa hivyo muda mrefu sana, kila kundi likashika njia yake.

Sababu nyingine ni ugumu wa kufika tu. Bathydevius caudactylus alionekana mara ya kwanza Februari 2000, roboti ya MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, ikiwa mita 2,614 chini, giza tupu na baridi kali. Jina kaja kulipata 2024, Robison na Haddock ndo waliomwandika, baada ya kumwona zaidi ya mara 150! Huyo hatambai chini kama wa kwako, anaogelea, mbele ana kofia kubwa kama bakuli la jeli la kunasia uduvi, na anawaka mwanga. Akisumbuliwa anaachia kidole kimoja cha mkiani kinachowaka, kama mjusi anavyoacha mkia. Ilibidi wamfungulie familia mpya kabisa. Karibu miaka 25 kwa koa mmoja, mi nawaheshimu sana hao watu kwa uvumilivu.

Mwalimu_Mstaafu_Upanga
Wanangu, mmenikumbusha jambo. Hizo bahari za baridi na pwani yetu zimeshawahi kukutana kwenye meza ya mtu mmoja. Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Waingereza Afrika Mashariki 1900 mpaka 1904, alikuwa akikusanya koa wa Zanzibar na pwani hii na kuwaandika. Baadaye koa walioletwa na safari ya meli ya Discovery kutoka Antaktika wakapelekwa kwake awachambue, na 1907 akampa mmoja jina Tritoniella belli, linatumika mpaka leo. Sifa za utawala wake siziingii hapa, nasema tu kwamba macho yaliyojifunza kwenye miamba ya huku ndiyo yaliyokwenda kusoma ya kule. Basi binti usidhani Kunduchi ni mbali na Antaktika.

Nyamizi_Pwani
Shikamoo mwalimu, na asanteni wote, nimesoma mara mbili mbili. Hilo la watoto kutoelea ndo limenifungua kabisa. Sasa wa kwangu ni nani? Picha ninayo ya mgongo tu.

Fundi_wa_Sampuli
Kwa ulivyoeleza, weusi, matuta ya bluu, ncha za njano, uko kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) Phyllidia, na nahisi Phyllidia varicosa. Ila picha ya mgongo peke yake haitoshi dada, maana Phyllidia coelestis naye anakaribiana naye sana. Mgeuze. Varicosa ana mstari mweusi katikati ya nyayo, coelestis hana. Mashavu yake ya kupumulia utayaona hukohuko chini, ubavuni, sio mgongoni kama kwa wenzake wengi. Mgeuze majini usimtoe nje, piga picha, mrudishe palepale. Na usimweke ndoo moja na samaki au pweza wa shangazi, akikasirika anatoa sumu inayoweza kuua vyote vilivyomo.

Nyamizi_Pwani
Kumbe! Nimemwambia shangazi hiyo ya ndoo, kasema sasa ameelewa kwa nini marehemu bibi alikuwa anamkataza kuokota hao. Bamvua lijalo tunaenda wote, kaniahidi atanionyesha upande wa pili wa mwamba ambako anasema wapo wengi na wengine weupe wenye madoa. Nitarudi na picha za nyayo.