Bastola ya nyumbani na ya kubeba kiunoni: sisi wa Texas tuchague kwa kigezo gani?

MLETA MADA, Fort Worth

Ndugu zangu, naomba tulizungumze hili waziwazi, maana kwenye misiba na harusi zetu linazungumzwa kila mara, ila pembeni tu, wanaume wakiwa wamesimama karibu na magari. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaruhusiwa kubeba bastola hapa Texas bila kibali. Vijana wetu wananunua Ijumaa, Jumamosi wameshaichomeka kiunoni. Na wakifika dukani wanauliza swali moja: ipi ina nguvu?

Hoja yangu ni kwamba nguvu iulizwe mwisho. Kwanza tazama nani analala nyumbani kwako, kuta zako zimejengwa kwa nini, na bastola hiyo itakaa wapi saa nane usiku. Ukishajibu hayo, aina nyingi zitajiondoa zenyewe.

Nianze na nguvu ili tuimalize. Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili huko Miami, na wawili kati yao wakauawa. Risasi moja ya milimita 9 (huo ni upana wa risasi) ilimpata jambazi lakini ikakwama kabla ya kuufikia moyo, naye akaendelea kupiga. FBI wakaamua milimita 9 haitoshi, wakahamia milimita 10, kisha .40 (huo ni upana kwa inchi). Mwaka 2016 walikuwa wamesharudi kwenye milimita 9, wakaipa kampuni ya bastola ya Glock zabuni. Risasi za siku hizi zinazotanuka zikigonga zinafika kwenye kina wanachokitaka, inchi 12 hadi 18 ndani ya jeli ya majaribio, yaani sentimita 30 hadi 46. Na maofisa wengi wanalenga vizuri zaidi kwa bastola isiyowapiga teke sana. Kama wao wanaolipwa kwa kazi hiyo wamerudi, wewe unayefanya kazi zamu mbili na kwenda uwanja wa shabaha kwa nadra unaitafutia nini risasi nene zaidi ya .45?

Suala la kuta linanisumbua zaidi. Hizi nyumba tunazopanga zina kuta za jipsamu na mbao. Risasi ya milimita 9 ukiikosea inapita kuta kadhaa za namna hiyo bado ina uwezo wa kuua. Hatukai kwenye nyumba za tofali kama za kwetu Afrika Mashariki, kule Kimara au Kisauni. Kabla hujanunua chochote, simama pale utakaposimama usiku wa balaa, unyooshe mkono kuelekea mlangoni, ujiulize nyuma ya ukuta ule kuna kitanda cha nani. Katika apatimenti jibu mara nyingi ni mtoto wako, au mtoto wa jirani. Ukiona hivyo, badili pa kusimama, au uachane kabisa na wazo hili.

Kuhusu ukubwa: Glock 19, ambayo iko sokoni tangu 1988, inabeba risasi 15, ina uzito wa kutulia mkononi, na mtu wa kawaida anaweza kujifunza kuipiga. SIG Sauer P365 iliyotoka 2018 iliwavutia wengi kwa sababu ni ndogo na bado inabeba 10. Lakini bastola ndogo ina teke kali na ni ngumu kulenga nayo. Ni silaha ya mtu aliyezoea, na inasikitisha kuona wauzaji wanavyomsukumia mwanafunzi. Mwanamke akiingia dukani anaoneshwa karivolva kadogo (bastola ya silinda inayozunguka), ati ndiko ka kina mama, kumbe triga yake, yaani kifyatulio, ni nzito na risasi ni tano tu. Mama apewe nafasi ya kukodi aina kadhaa uwanjani na kuzipiga, na yeye ndiye aamue. Kama mikono haina nguvu ya kuvuta chuma cha juu kinachopakia risasi, kuna bastola ya Smith & Wesson Shield EZ iliyoundwa kwa ajili hiyo.

Msimamo wangu basi: bastola moja ya ukubwa wa kati, milimita 9, ikae kwenye sefu ndogo iliyofungwa kwa skrubu karibu na kitanda, ile ya kubonyeza tarakimu kwa vidole. Tochi iwe kando, usiangaze kwa kuelekeza mtutu. Kubeba barabarani tuache, isipokuwa mwenye sababu maalumu.

Na hata hiyo ya nyumbani ina mipaka yake. Tarehe 12 Oktoba 2019, hapa hapa Fort Worth, Atatiana Jefferson alikuwa nyumbani na mpwa wake wa miaka 8. Jirani aliona mlango uko wazi, akapiga simu polisi waje kuangalia usalama. Atatiana akasikia vishindo nje, akachukua bastola yake halali, akasogea dirishani. Polisi aliyekuwa uani alimpiga risasi kupitia kioo. Desemba 2022 polisi huyo, Aaron Dean, alihukumiwa karibu miaka 12 kwa kuua bila kukusudia. Dada yule alifanya kila tunachofundishwa kuwa ni haki yetu, ndani ya nyumba, na akafa. Kwa hiyo mtu mweusi akisikia kishindo asitoke kukitafuta. Kusanyeni watoto chumba kimoja, fungeni mlango, pigeni 911, mwambieni anayepokea kwamba kuna silaha, iko chumba gani na inashikwa na nani.

Karibuni. Wanaopinga nawasubiri kwa hamu zaidi.

MUUGUZI, Minneapolis

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na nashukuru kwa ustaarabu wako. Lakini umeandika kana kwamba hatari yote inaingia kwa mlango wa mbele.

Mwaka 2021 nchi hii ilipoteza watu 48,830 kwa risasi. Waliojiua ni 26,328, zaidi ya nusu. Watafiti wa Stanford walifuatilia mamilioni ya watu wazima California kuanzia 2004 hadi 2016: wanaume wenye bastola walijiua kwa risasi karibu mara 8 kuliko wasio nayo. Wanawake, mara 35. Anayejaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi tunamwokoa, na wengi wao hawarudii. Anayejaribu kwa bastola, karibu 9 kati ya 10 wanakufa. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku, naijua tofauti hiyo kwa sura za wazazi waliokaa koridoni.

Jumuiya zetu hazizungumzi kuhusu huzuni. Kijana amenyimwa makaratasi, ameachwa, anadaiwa, anatuma pesa nyumbani hadi anabaki bila kodi, na wote tunamwambia piga moyo konde. Huyo ndiye unayemfundisha tarakimu za sefu?

Nyumba ambayo baba ana msongo, au kuna kijana wa miaka 15, au kuna ugomvi wa ndoa ambao majirani wanausikia, isiwe na bastola. Hata hiyo ya ukubwa wa kati.

DEREVA WA LORI, Houston

Mleta mada, sehemu ya nyumba naiunga mkono. Ya kubeba unatuonea. Mimi nalala kwenye maegesho ya barabara kuu, peke yangu, na polisi wa karibu yuko mbali. Hiyo sababu maalumu yako ndiyo maisha yangu.

Nawaambia vijana mambo ambayo duka halisemi. Hapa huhitaji kibali, lakini mimi ninacho, kwa sababu majimbo mengi ya jirani yanakitambua cha Texas. New Jersey, New York, Maryland na California hawakitambui. Mwaka 2013 Shaneen Allen, mama kutoka Philadelphia mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa New Jersey kwa kosa dogo la barabarani, akamwambia polisi kwa uaminifu kwamba ana bastola. Alikamatwa, akakabiliwa na kifungo cha miaka, na aliponea kwa msamaha wa gavana Christie mwaka 2015. Nikipata mzigo wa upande ule, bastola inabaki Houston. Na soma mkataba wako wa kazi: kampuni nyingi za malori zinakataza silaha kabisa.

Bastola ninayobeba ni rivolva, Smith & Wesson 642, risasi tano. Haina nyundo ya nje ya kunasa kwenye nguo, na triga yake nzito ambayo mleta mada anailaumu ndiyo inayonipa amani ninapojigeuza kitini. Glock haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Ina vizuizi vya ndani, lakini triga ikivutwa inapiga, iwe imevutwa na kidole au na uzi wa jaketi. Kwa hiyo ala iwe ngumu, ifunike triga yote. Vile vifuko laini vya kitambaa vya bei rahisi tupeni. Na kutoa magazini, lile kasha la risasi, si kuondoa risasi zote: ile moja iliyoko ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, inabaki. Ndiyo inayoua ndugu wakati wa kusafisha, hasa kwa Glock, ambayo lazima uvute triga ndipo uifungue.

MAMA, Columbus

Nyote mnazungumza kama mwizi ni mgeni. Mimi ninayemwogopa anajua ninapoishi, aliwahi kuwa na ufunguo.

Nina amri ya mahakama ya kumzuia asinikaribie. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Rahimi, iliyotoka Arlington, jirani kabisa na mleta mada, iliamua Juni 2024 kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba mtu aliyewekewa amri kama hii anaweza kunyang'anywa silaha. Vizuri. Lakini karatasi haisimami mlangoni saa tisa za usiku nikitoka ghalani kazini. Dada muuguzi, takwimu zako nazikubali, lakini ni za watu wengi kwa pamoja. Mimi sina mwanamume ndani ya nyumba. Mlitaka nifanye nini?

Nimefanya haya, kwa mpangilio huu: nimebadilisha vitasa, nimeweka taa za nje, nimewaambia walimu wa watoto, halafu ndiyo nimenunua. Milimita 9, si ndogo. Nimejifunza kwa mwalimu mwanamke. Sefu iko chumbani. Swali langu kwa mleta mada ni la kweli: sefu inafunguka kwa sekunde chache, lakini gizani, na mikono ikitetemeka, inakuwaje?

MWANAFUNZI, Dallas

Samahani wakuu, mimi niko kwa visa ya masomo, F-1. Rafiki anasema Texas haihitaji kibali kwa hiyo naweza.

MLETA MADA

Mdogo wangu wa Dallas nakujibu kwanza, kwa sababu wewe ndiye unayeweza kupotea leo. Huwezi. Sheria ya shirikisho inamzuia mwenye visa ya muda, ya masomo au ya kazi, kumiliki hata risasi moja. Isipokuwa mambo machache, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Usitumie upenyo huo bila wakili wa uhamiaji. Na dukani utajaza fomu 4473 inayouliza uraia wako na hali yako ya uhamiaji. Ukidanganya hapo umejifungia nchi. Hata mwenye grini kadi, akipatikana na hatia ya kosa la silaha, anaweza kurudishwa kwao baada ya miaka 20 ya kuishi hapa. Rafiki yako anasoma sheria ya jimbo tu.

Dada wa Columbus, sefu ya tarakimu inajaribiwa kwa giza. Usiku, taa zimezimwa, magazini imetolewa na chemba imekaguliwa kuwa tupu, funga macho ufungue. Rudia hadi vidole vizoee. Zile za alama ya kidole zinakataa kidole chenye jasho au mafuta, ndiyo maana nasema tarakimu. Lakini muda wa kweli unaununua mlangoni: bamba la chuma la kufuli, lile linalopokea ulimi wa kitasa, mara nyingi limefungwa kwa skrubu fupi zisizofika kwenye mbao za nyumba. Weka za inchi 3. Mlango unaochelewa kuvunjika ndio unaokupa nafasi ya kufungua sefu na kupiga 911. Kwa hali yako sina neno la kukuzuia, na kuhusu kubeba, nakuweka pamoja na dereva kwenye wale wenye sababu.

Dereva, rivolva nakuachia. Triga unaijua na umeizoea. Nilichosema kinamhusu anayeanza.

Dada muuguzi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa, na sina njia ya kuizunguka. Texas inamwadhibu anayeiacha silaha mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, lakini haimgusi baba mwenyewe aliyekata tamaa. Ninachoweza kupendekeza ni hiki: kila mwenye bastola amteue mtu mmoja mapema, asiye na sababu za sheria kumzuia, mwenye haki ya kusema "nipe hiyo kitu kwa muda" bila kuulizwa kwa nini. Mke wake ajue ni nani. Namba ya 988, ya watu waliofika mwisho, iandikwe kwenye mlango wa sefu kwa ndani.

MUUGUZI, Minneapolis

Kumteua nakubali. Lakini wengi hawasemi, kaka. Huyo mtu mmoja atajuaje kuwa wiki ya kuiomba imefika?

MAMA, Columbus

Mimi nimemteua dada yangu, na nimempa tarakimu mpya za sefu. Tumekubaliana: siku nitakayoacha kupokea simu zake mbili mfululizo, anakuja kuichukua kwanza, maswali baadaye.

DEREVA WA LORI, Houston

Hilo la simu mbili nalichukua. Wa kwangu yuko Katy, nitamwambia leo kabla sijapakia.